Barua ya wazi: Choreni barabara na mitaro kabla hatujafika na matofali

Kwa Waheshimiwa mliokabidhiwa dhamana ya mipango miji, ardhi na mazingira,
Jiji la Mwanza na wilaya zinazolizunguka.

YAH: UJENZI JUU YA MIKONDO YA MAJI NA KUKOSEKANA KWA BARABARA KATIKA MAENEO MAPYA YA MAKAZI

Waheshimiwa,

Salamu kutoka mlimani. Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi mwashi. Kwa miaka 26 nimekuwa nikipandisha matofali, mchanga na saruji kwenye vilima vya jiji hili, na nyingi kati ya nyumba nilizojenga hazikuwahi kuwa na kibali cha ujenzi. Nalisema hili mapema, asije mtu kesho akaniambia kwamba na mimi nimo. Nimo kweli. Mteja aliniita, akanionyesha kiwanja alichokwisha kununua na karatasi ya mauziano yenye muhuri, nami nikavuta kamba nikaanza kuchimba msingi. Lakini katika miaka yote hiyo, haijatokea hata siku moja nikafika kwenye eneo jipya nikakuta mtu wa mipango miji amenitangulia, amepigilia vigingi na kusema: hapa itapita barabara, hapa yatapita maji, usiguse. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Sikuanzia hadharani. Kati ya safu mbili za nyumba za mtaa wetu lilikuwepo korongo. Kiangazi lilikuwa kavu na watoto walichezea mpira humo. Mvua ikinyesha lilibeba maji ya upande mzima wa kilima mpaka chini barabarani. Vuli mbili zilizopita yakaja malori ya kifusi. Yalimwaga siku nne. Siku ya tano mwenye kifusi akatuonyesha karatasi kwamba amegawiwa kiwanja pale, na karatasi yenyewe haikuwa ya kughushi. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, naye akatupeleka kwa mtendaji, mtendaji akasema tuandike. Tukaandika. Barua ya kwanza ilipokelewa na kugongwa muhuri katika ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja kwa kuwa sina nia ya kumchafulia jina mtumishi yeyote. Baada ya miezi miwili tukaandika ya pili na kuambatanisha picha. Ya tatu ilisainiwa na kaya 41. Kila tulipofuatilia tuliambiwa faili liko kwa afisa, na afisa yuko nje ya ofisi.

Masika ilipoingia, maji yalishuka kama kawaida yake, yakafika kwenye korongo yakakuta nyumba. Yakageuka. Yakapita uani kwa bibi mmoja muuza karanga na kuangusha ukuta wa chumba cha nyuma juu ya kitanda cha mjukuu wake. Mtoto alikuwa ametoka kwenda chooni dakika chache tu kabla. Ukuta ule niliujenga mimi mwaka 2011. Niliuwekea msingi wa mawe kwa sababu nilijua uko mlimani, ila sikuujenga ili uzuie mto, kwa maana mto haukuwa hapo.

Kwa hiyo barua ya nne naiandika wazi, kila mtu aisome. Hoja zangu ni hizi.

1. Korongo si kiwanja

Mgeni akija Mwanza hupiga picha Mwamba wa Bismarck, akaenda zake. Sisi tunaoishi juu ya mawe ya namna hiyo tunaijua tabia yake: jiwe halinywi maji. Kilichokuwa kikinywa kidogo ni udongo uliomo kati ya mawe, na kilichopunguza kasi ya maji ni nyasi na vichaka. Tumeviondoa, tukaweka bati na sakafu.

Nipeni ruhusa nipige hesabu ya kifundi. Chukueni nyumba yenye paa la mita za mraba 100. Mvua ya milimita 50, ambayo masika si ajabu kuipata kwa siku moja, inateremsha lita 5,000 kutoka kwenye paa hilo pekee. Nyumba 200 za mtaa mmoja zinateremsha lita milioni 1, yote kwa mkupuo, yote yakielekea upande mmoja. Zamani maji hayo yaligawana makorongo, kila korongo likachukua fungu lake, mengine yakaishia Mto Mirongo unaokatiza katikati ya mji na kuingia ziwani. Siku hizi makorongo yanazibwa moja baada ya jingine, na mto unaletewa maji ya haraka yenye mchanga, chupa na vifusi. Watu wa Mabatini, mto huo unakopita, wanajua zaidi yangu matokeo yake.

Kila mwaka mashine ya kijiko inakuja kuzibua mto na mitaro ya chini. Ni kazi njema, nashukuru. Lakini huko juu ndiko mchanga unakotoka. Mnaweza kuzibua Mirongo mara tatu kwa mwaka na bado ukafurika, kama kule juu kila kiangazi tunaendelea kupoteza korongo jingine.

Na huyu aliyegawiwa kiwanja kwenye korongo letu simlaumu sana. Ni mfanyakazi, alilipa fedha zake kihalali, naye sasa kila mvua ikitanda hapati usingizi. Aliyeweka alama ya kiwanja juu ya njia ya maji ndiye anayepaswa kutueleza alikwenda kulitazama eneo au alichora akiwa amekaa mezani.

2. Ramani inakuja baada ya nyumba

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mambo yote yanapoanzia.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 706,453 katika Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili zinazobeba jiji letu. Sensa ya 2022 ikahesabu 1,104,521. Tumeongezeka watu 398,068 ndani ya miaka kumi, yaani zaidi ya watu 100 kila siku iendayo kwa Mungu. Tukisema nyumba moja inabeba watu watano, jiji lilihitaji nyumba 20 na ushei kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kasi hii ikiendelea, idadi ile ya 2022 itakuwa imerudufu ndani ya miaka 16 hivi. Hakuna ofisi yenye wapimaji wa kutosha kumkimbilia kila mjenzi kwa kasi hiyo, na sidhani kama kuna mtu mwenye akili timamu anayelidai hilo kwenu.

Ila watu hawa wanakwenda mahali panapojulikana. Wanakwenda Kishiri, Buhongwa, Luchelele, Buswelu, wanavuka hadi Kisesa na Usagara. Ardhi huko inauzwa hivi: mzee ana shamba la mihogo, anakata kipande kwa ajili ya ada ya shule au matibabu, dalali anapima kwa hatua, ishirini kwa ishirini, mnunuzi anaandikishiana naye mbele ya mashahidi, muhuri unagongwa. Mwaka unaofuata jirani anafanya vivyo hivyo. Kila mmoja anaacha kanjia ka mtu mmoja mwenye ndoo kichwani, akiamini barabara itapita upande wa mwenzake. Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Baada ya miaka mitano kuna nyumba mia tatu, na gari haliwezi kuingia.

Nimeshiriki kumbeba mjamzito kwa machela ya kanga na miti, usiku, mvua ikinyesha, tukishuka ngazi za mawe ambazo tulizichonga wenyewe kwa kuchangishana. Tulikuwa wanaume sita tukipokezana wanne wanne. Alijifungulia njiani, kwenye baraza ya duka. Mama na mtoto walipona, na mtoto yule sasa yuko darasa la tatu. Jeneza nalo tumelishusha hivyo hivyo, mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Gari la zimamoto sijawahi kuliona likipanda kwetu. Nyumba ikishika moto tunapasua bati la jirani ili usihamie kwake.

Kisha urasimishaji unakuja. Tunachanga, mpimaji anapita kati ya nyumba zilizokwisha simama, anapanda bikoni za mipaka, na mwisho tunapata hati. Siibezi hati. Imewapa wajane wengi ulinzi dhidi ya mashemeji. Lakini hati haiongezi upana wa njia hata kwa sentimita moja. Kichochoro cha mita moja na nusu kinachorwa kwenye ramani, kinapewa jina, na kinabaki kichochoro. Siku mtakapotaka kupitisha barabara ya kweli, mtakuta nyumba yangu hapo, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inanipa haki ya fidia kamili, ya haki na ya wakati. Mtapiga hesabu ya matofali, bati, milango na miti ya matunda, na mradi utakwama mezani kwa sababu ya fidia. Wakati yule mzee wa mihogo anauza, kila muuzaji angeombwa hatua tatu tu upande wa mbele, barabara ingepatikana bila mtu kulia.

Nchi yetu ilishajua namna ya kufanya hivi. Miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilianzisha mpango wa Viwanja na Huduma. Awamu ya kwanza ilihusisha Dar es Salaam, Mbeya na Mwanza yetu hii. Mahali pengine waliboresha vitongoji vilivyokwisha kujaa, na mahali pengine walipima kwanza, wakachora barabara, wakaleta maji, kisha watu wakajenga wenyewe kwa uwezo wao. Sinza ya Dar es Salaam ilianza hivyo. Wachumi waliokwenda kulinganisha maeneo hayo miongo kadhaa baadaye walikuta yale yaliyopimwa kabla ya watu kufika yana nyumba bora na ardhi yenye thamani kubwa kuliko yale yaliyorekebishwa baada ya watu kujaa. Waliopewa viwanja hivyo hawakuwa matajiri. Walianza na chumba kimoja, kama wateja wangu. Walichokuwa nacho ni barabara iliyotangulia.

Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa linashauri barabara na mitaa zichukue angalau asilimia 30 ya ardhi ya mji. Nendeni mkapime mtaa wowote wa mlimani mniambie mmepata ngapi.

3. Maji yanapanda, majitaka yanashuka

Tumeongezewa maji, na nasema asante. Mtambo wa Capri Point umekuwa ukitubeba kwa miaka mingi, na sasa upo wa Butimba wenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku. Lakini kila ndoo inayopandishwa mlimani kwa pampu inarudi chini ikiwa imechafuka. Choo chetu kimechimbwa juu ya mwamba. Shimo haliendi chini zaidi ya mita moja na kitu bila baruti. Gari la kunyonya majitaka haliwezi kufika. Basi mvua kubwa ikinyesha usiku, kuna watu wanatapisha vyoo. Tunajuana. Kinyesi kinashuka kwenye mtaro, kinapita mbele ya genge la nyanya, kinaingia mtoni, kinafika ziwani, na ziwa hilo hilo ndilo tunalovutia maji ya kunywa. Kipindupindu kimetutembelea zaidi ya mara moja na kila mara tunaambiwa tunawe mikono. Tunanawa.

Dawa yake mnayo tayari. Katika baadhi ya vilima, Igogo na Mabatini vikiwemo, mamlaka ya maji ilipitisha mabomba membamba ya majitaka juu ya miamba, nyumba kwa nyumba, mteremko wenyewe ukifanya kazi ya kusukuma. Nimeyaona kwa macho yangu, na kama fundi naweza kusema ni kazi ya akili: imelifanya jiwe lililokuwa kikwazo libebe bomba. Ombi langu ni yasiishie pale yalipofika, na huko kwingine njia ya bomba iachwe sasa, ikiwa bado ni majani.

4. Mita 60 ziwe 60 kwa kila mtu

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa na mto. Ni sheria nzuri. Ziwa Victoria halina kina kirefu, wastani wake ni mita 40 hivi, kwa hiyo linalemewa upesi na tunachokimwaga kandokando yake. Mafunjo na matete ya ufukweni ndiyo chujio lake na ndimo samaki wanamozalia. Na ziwa lenyewe huja kudai mahali pake: mwaka 2020 lilipanda na tena 2024, likaingia kwenye mialo, mashamba na nyumba za watu.

Kinachonisumbua ni futi kamba. Mama mwenye kibanda cha kukaangia samaki karibu na maji anapimiwa mita 60, anapigwa X nyekundu, anapewa siku chache. Umbali si mrefu kutoka hapo kuna ukuta wa mawe umeingia majini kabisa, ndani kuna bustani na maegesho, na wavuvi waliokuwa wakipita hapo kwenda kwenye mitumbwi yao sasa wanazunguka. Sijui kama ule ukuta una kibali maalumu. Kama unacho, kiwekwe wazi tukisome. Kama hauna, rangi nyekundu ipo dukani.

5. Jiji limevuka mipaka yake

Hili nitalisema kwa kifupi. Tangu Juni 19, 2025 tunavuka Kigongo kwenda Busisi kwa daraja la kilomita 3 badala ya kusubiri kivuko. Reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, inajengwa. Bei za viwanja Usagara na njia nzima ya Kigongo zinapanda, na madalali wanaijua ramani ya kesho kuliko sisi. Huko ni Misungwi. Kisesa ni Magu. Mnunuzi wa kiwanja haoni mpaka wa halmashauri, na maji ya mvua hayauoni. Kama kila halmashauri inachora yake, barabara ya upana wa mita 20 itafika mpakani na kukuta choo cha mtu.

Majibu ninayoyatarajia

Nimekaa kwenye mabenchi ya ofisi muda wa kutosha kujua nitajibiwa nini.

Mtasema Mpango Kabambe wa jiji upo, unaofika mwaka 2035. Ndiyo, upo, na naambiwa ni kazi nzuri. Lakini mimi ninayechimba msingi sijawahi kuuona, dalali hajawahi kuuona, na mwenyekiti wa mtaa anayegonga muhuri hana nakala yake ukutani. Ukutani kwake kuna kalenda.

Mtasema hakuna bajeti. Kwa kupima kila kiwanja, nakubali, ni gharama. Mimi naongelea kitu kidogo zaidi. Acheni viwanja vyetu kwanza. Pimeni barabara kubwa, kila baada ya kilomita moja hivi, na makorongo yote, na kiwanja cha shule, cha zahanati, cha soko na makaburi. Hayo tu. Pandeni bikoni za zege na miti pande mbili ili kila mtu aone. Sisi tutajaza katikati kama tulivyozoea, vizuri au vibaya, lakini gari la wagonjwa litafika ndani ya nusu kilomita ya kila nyumba na maji yatakuwa na pa kupita. Vijana wa mtaa watachimba mashimo ya bikoni kwa posho ndogo, nitawaleta mwenyewe.

Mtasema wananchi ni wavamizi na hawasikii. Wapo, sitawatetea wote. Lakini mtu anayevunja alama aliyoiona ni tofauti na mtu ambaye hakuwekewa alama yoyote. Na kila mauziano niliyoyashuhudia yalikuwa na muhuri wa ngazi fulani ya utawala. Aliyeshika muhuri ndiye mtu wa kwanza kujua kwamba shamba linageuka mtaa, miaka mingi kabla ya picha za angani.

Mtasema watu wa mlimani wahamishwe. Hili naomba mlitafakari taratibu. Mama anayechuuza dagaa anatoka nyumbani usiku wa manane kuwahi soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kabla walanguzi wa jumla hawajamaliza mzigo mzuri. Anakwenda kwa miguu. Mkimpeleka kilomita 20 nje ya mji, nauli na saa za safari zitakula faida yote, na baada ya miezi sita mtamkuta amerudi, amepanga chumba mlimani kwa mtu mwingine. Wapo wanaoishi chini ya mawe yanayoning'inia au katikati ya njia ya maji. Hao ni kweli wahame, wapewe mahali pa haki, na karibu. Waliobaki wanahitaji ngazi imara, kuta za kukinga udongo, mitaro na bomba.

Na mtasema tusubiri mradi. Miradi imekuja na imetuletea lami na taa, tunaiona na tunajivunia. Kuacha njia ya maji hakuhitaji mradi. Kunahitaji mtu mmoja mwenye mamlaka aseme hapana siku kifusi cha kwanza kinapomwagwa.

Tunachoomba

Kwanza, korongo la mtaa wetu lifunguliwe kabla ya masika. Aliyegawiwa kiwanja pale apewe kingine cha thamani ile ile, maana kosa halikuwa lake. Mpimaji aje, sisi tutamwonyesha maji yalipopita. Alama ya tope bado iko ukutani kwa bibi, kimo cha kiuno.

Pili, mchoro wa kila mtaa, hata wa rasimu, ubandikwe kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, kwa Kiswahili, ukubwa wa kusomeka na mtu aliyeishia darasa la saba. Barabara ziwe na rangi yake, makorongo yawe na rangi yake. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inatupa haki ya kuomba na kupewa ndani ya siku 30. Barua hii ihesabiwe kuwa ombi hilo.

Tatu, bajeti ya mwaka wa fedha ujao itenge fungu la kupima barabara kubwa na mikondo ya maji katika kata za pembezoni, na wataalamu wa Jiji, Ilemela, Magu na Misungwi wakae meza moja wachore ramani moja.

Nne, muhuri usigongwe kwenye mauziano yoyote kabla muuzaji, mnunuzi na mtendaji hawajasimama mbele ya mchoro huo na kuona kiwanja kiko wapi. Anayegonga bila kufanya hivyo awajibishwe yeye, si mnunuzi.

Tano, orodha ya majengo yote yaliyomo ndani ya mita 60 za ziwa na ya mito itangazwe, makubwa na madogo, pamoja na vibali vyake kama vipo.

Sita, na hili hakuna aliyenituma kulisema: tuiteni mafundi. Sisi ndio wa kwanza kufika kwenye kiwanja na koleo. Mafundi wa vilima hivi tunajuana, tukiitwa tutakuja, hata siku ya kazi. Tufundisheni kusoma mchoro, mtupe namba ya kupiga tukikuta kiwanja kiko juu ya njia ya maji, na mtuhakikishie kwamba simu ile itapokelewa. Fundi akikataa kuvuta kamba, nyumba haisimami. Nimeshaanza. Mwezi uliopita nilikataa kazi ya msingi kwenye ukingo wa korongo, kazi ya wiki tatu, na mteja alinikasirikia. Nilimwonyesha ukuta wa bibi. Aliondoka hajanijibu, lakini hadi leo hajamwita fundi mwingine.

Jumamosi hii saa moja asubuhi kaya 41 zilizosaini barua ya tatu zitakuwa korongoni na majembe, kuchimba mtaro wa muda pembeni ya kifusi ili mvua za mwanzo zisirudi uani kwa bibi. Hatutagusa kiwanja cha mtu. Mkimtuma mpimaji mmoja na kamba yake, chai na mihogo vitakuwepo, na mimi nitamshikia upande wa pili wa kamba.

Nawasilisha kwa heshima.

Fundi mwashi, mjumbe wa kamati ya mtaro ya mtaa,
Mlimani, Mwanza.

Nakala: Ubao wa matangazo, ofisi ya serikali ya mtaa.